Buni Zilizomenywa Tayari

...lakini huyu hanipi kikapu, kikapu amekiacha mezani karibu na redio, ananipa kiganja, amekinyoosha wazi mbele yangu na katikati yake kuna buni chache ambazo amekwisha kuzimenya, maganda yote yametoka, zimebaki mbegu tupu kama za kumpa mzee asiye na meno, "Karibu akamwani, Ta Mutembei," anasema, ananikaribisha nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, kwa kahawa ya mibuni yangu, chini ya bati nililoezeka mwenyewe mwaka tuliooana, na shangazi Bernadeta aliyekaa mkekani anacheka kwa pua, "Wewe Ildefons, huyu ana meno yake, mpe kikapu achague mwenyewe," na wanawake walio mlangoni wanacheka naye, kicheko kifupi cha msibani kinachojizuia kabla hakijafika mbali, naye Ildefons anakitazama kiganja chake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekiweka pale, aibu inampanda shingoni, naiona, lakini mkono hauondoi, na sasa wote wananitazama mimi, kwa sababu kwetu mgeni akikataa akamwani, buni za kutafuna, amesema neno ambalo halitasahauliwa, na leo humu ndani mgeni ni mimi, nikizipokea nimesema mbele yao kwamba sina kesi na mtu huyu, nikizikataa nimemshtaki, na nikimshtaki yeye nimemshtaki na Joviana, mke wangu, aliyelala nyuma ya nyumba hii kwenye kibanja, chini ya migomba, chini ya udongo ambao bado haujashuka, hawezi kujibu... nimetoka kaburini sasa hivi, matope ya huko bado yako kwenye viatu, nilisimama pale na Ildefons alisimama upande wa pili, upande wa kichwa, nikajiuliza nani alimwonyesha kwamba kichwa kiko upande huo, kisha nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyemzika, mimi nilikuwa Uskochi, telegramu ilinikuta amekwisha zikwa.

Nautazama mkono, kutazama mikono ndiyo kazi yangu, ndiyo iliyonipeleka huko, wengine walikwenda kusomea migodi na mabenki na mimi nikaenda kuifundisha kompyuta namna mkono wa mtu unavyoshika kikombe, nilipomweleza shangazi aliuliza, "Na huko hawana mikono?" akacheka mpaka akakohoa, nami ningesemaje, kwamba ndani ya kioo cha kompyuta kuna chumba ambacho hakipo, na meza isiyokuwepo, na kikombe kisichokuwepo, na sisi tunataka mkono usiokuwepo ukishike kikombe hicho kwa namna ambayo mtazamaji ataamini, na kwamba hili ni gumu, kwa sababu kikombe cha hewa hakikatai, vidole vinapenya ukuta wake kama moshi na kutokea upande wa pili, mwaka mzima wa kwanza mkono wangu ulipita ndani ya vikombe, mpaka nikajifunza kukiambia kila kiungo cha kila kidole, funga, funga, sasa umegusa, simama hapo, usiende mbele tena... na kila kiungo kina kipimo chake, na vipimo lazima vitoke kwenye mkono wa mtu aliye hai, wenzangu walichukua vipimo vya vitabuni, mkono wa kila mtu, mkono usio wa mtu, mimi nilikuja likizo nikapima wa Joviana, mezani hapa hapa, ilipo redio, kwa rula yake ya shuleni na uzi, alikuwa mwalimu, vidole vyake vilikuwa na chaki kwenye mikunjo hata siku za Jumapili, akaulaza mkono akasema, "Unanipimia glovu au jeneza?" na mimi, nikiwa na uzi mdomoni, nikamwambia atulie asicheke, maana akicheka kidole cha kati kinaruka, akatulia, akaniangalia kwa muda mrefu, nami nikaangalia rula.

Alikuwa anajua, siku ile alikuwa anajua tayari, Ildefons ameniambia leo pale kaburini, kwa sauti ya chini, akitazama udongo, kwamba daktari alikwisha kumwambia kabla sijaja likizo, kwamba yaelekea ilikuwa ile damu aliyoongezewa mwaka tulipompoteza mtoto, miaka ambayo damu haikuwa inapimwa, miaka ambayo ugonjwa wenyewe, kabla hawajazoea kusema Ukimwi, watu waliuita Juliana kwa jina la mashati ya magendo na kudhani utapita kama mashati, "Alinikataza nisikwambie," alisema Ildefons, "alitaka umalize shule," alinikataza, alilitamka neno hilo kama mtu aliyepewa zawadi, na ni zawadi, siri ya mke wangu ilikuwa kwake miezi ile yote nami nikiandika tasnifu, na asubuhi ya kuondoka nilipomuuliza kama atakuwa salama peke yake alinikunjia kola ya shati na kusema, "Nenda. Ildefons yupo," maneno hayo tu, nilikwenda nayo mpaka uwanja wa ndege, wakati huo yakinifariji, na tangu nipate telegramu yamegeuka, Ildefons yupo, Ildefons yupo, kwenye meli kutoka Mwanza nilikaa daraja la tatu karibu na wauza dagaa wa visiwani, na mmoja waliyemwita Rozi, mnene, mwenye kitenge cha njano, alikuwa anawasimulia wenzake habari za kule Rubya, kwetu, bila kujua mimi ni nani, kwamba kuna mke wa msomi aliugua, ndugu wakaogopa kumgusa, chakula wakamwachia mlangoni kwenye jani, mtu mmoja tu hakuogopa, alimwogesha, alimgeuza, alimfulia mashuka, "Ndugu yake?" wakauliza, "Rafiki wa mumewe," akasema Rozi, "rafiki tu," na wenzake wakacheka, "Ee, rafiki gani anaogesha? Mimi nimtafute wapi rafiki kama huyo, nami niogeshwe," wakacheka mpaka mmoja akaangusha birika, na mimi nikatazama ziwa, mashavu yakiniwaka, kwa kuwa walikuwa wamesema kwa furaha lile ambalo mimi nilikuwa nimelibeba kimya tangu Uskochi...

"Mikono ya watu inachoka, Mutembei," anasema shangazi, si kwa ukali, nami nasikia na sisikii, maana Ildefons si rafiki tu, shangazi anajua na wote mlangoni wanajua, Ildefons ni mnywani wangu, tulinywana tukiwa vijana, kabla sijakwenda chuo kikuu Dar es Salaam, kwa desturi ya kwetu, tukachanja ngozi karibu na kitovu, buni moja ikagawanywa nusu mbili na kila nusu ikalowekwa katika damu ya mmoja, nikaimeza yake kutoka kiganjani mwake, kwa midomo, bila kutumia mkono wangu, na yeye akaimeza yangu vivyo hivyo, na aliyetusimamia akatuambia kwamba atakayemsaliti mwenzake, ile buni itamvimbia tumboni ichipue, nami nimesoma hesabu, nina digrii mbili na nusu, lakini leo alipokuja kunipokea stendi macho yangu yalikwenda kwanza tumboni mwake, nikaangalia kama limevimba, halikuwa limevimba, amekonda, shati linamning'inia, na sikujua kama nimefurahi au nimekata tamaa, kwa kuwa mnywani ana haki ya kuingia nyumbani mwako usipokuwepo, na wajibu wa kumtunza mkeo, hilo ndilo tuliloapa, kila alichokifanya alikifanya kwa kiapo changu mwenyewe, siwezi kumshtaki kwa kuingia, nitamshtaki kwa nini basi, kwa kuwa alikuwepo, kwa kuwa anajua mkono wa Joviana ulikuwa na uzito gani mwishoni na mimi ninajua tu ulivyokuwa mezani, chini ya rula... na kiganja kile nilikolamba buni wakati huo kilikuwa na vidole vitano, hiki kina vitatu, viwili vya mwisho vilibaki ng'ambo ya Mto Kagera wakati wa vita, alikwenda na mgambo, mimi nilikuwa chuoni nikisikiliza vita kwenye redio ya bwenini, na aliporudi na kitambaa mkononi aliyemfunga na kumfungua kila asubuhi pale zahanati alikuwa mwalimu kijana aliyejitolea kusaidia, Joviana, sikuwa nimemwoa bado, sikuwa hata nimemsalimia, alimfundisha kushika upya, kwanza tunda, halafu kikombe, halafu panga, aliwahi kunisimulia akicheka jinsi Ildefons alivyokuwa anakasirika kikombe kikimponyoka, "Nilimwambia, usikikabe, kiegemeze tu, kitakaa," na mimi, mume, nikacheka naye, na usiku wake nikakesha nikiwaza vidole vyake juu ya vidole vya yule, kwa hiyo si leo, wivu huu ni wa zamani kuliko ugonjwa, ni wa zamani kuliko ndoa yangu.

Kule maabara nilikuwa na Joviana peke yangu, hilo nalisema kwa usahihi wake, tulikuwa na glovu yenye nyaya na kofia nzito yenye vioo viwili, ukivaa kofia unaona chumba kisichokuwepo, na ukivaa glovu mkono ulio ndani unafuata mkono wako, na mkono ule ulikuwa wa Joviana, urefu wa kila kifupa, kidole cha shahada kilichopinda kidogo kuelekea cha kati kwa sababu ya chaki, nikikunja vidole vyangu vinakunja vyake, nikikielekea kikombe vinakielekea, nilikuwa namvaa, sikumwambia mtu, kwenye karatasi iliandikwa mkono namba tatu, na siku moja nilitoka kunywa chai, niliporudi nikamkuta Mholanzi mmoja, mwenzangu wa maabara, kijana mwema tu, amevaa kofia na glovu, na kwenye kioo cha kompyuta mkono wa mke wangu unaokota kikombe, unakiweka, unaokota, kwa pupa, kwa mtindo wake yeye, anavyoshika glasi ya bia, nikazima mashine, nikamwambia programu ina hitilafu, akaomba radhi, na nilikaa pale nikiifuta glovu kwa leso, kidole kwa kidole, kwa wivu juu ya mistari ya kijani iliyouchora mkono ule kwenye kioo, na profesa wangu alipoona mkono huo siku ya mwisho alisema unashika vizuri kuliko yote aliyoiona, lakini akauliza, "Na kuachia?" na ni kweli, kuachia tulikuwa tumekuandika kwa mstari mmoja tu, fungua vidole vyote, basi, kikombe kikaanguka, au kikabaki kinaelea hewani, hakuna aliyeona kwamba kuna kazi hapo, tulifanya kazi yote kwenye mkono unaochukua, mkono unaotoa hatukuufikiria, na mkono huo sasa umebaki huko kwenye sanduku la mashine, nami nimerudi kwenye kaburi, na pengine sasa hivi mtu ameuvaa...

"Ta Mutembei," anasema Ildefons, taratibu, wala hanihimizi, na ndipo naona kwamba kiganja kiko chini mno. Nimekaa kwenye kiti, mtu anayempa aliyekaa kitini huleta mkono usawa wa kifua, nimepima, ni jambo nililolipima kwa watu wengi, na huyu mkono wake uko usawa wa goti langu, amejiinamia ili uwe hapo, na kifundo cha mkono amekigeuza nje, ili ukingo wa kiganja uje mbele na vidole vibaki nyuma, na kidole gumba amekilaza, amekificha ubavuni, naufuata mkono huu kiungo kwa kiungo kama ninavyofuata ule wa kwenye kioo, najiuliza ni kitu gani kingeufanya ukae hivi, ni kipi kilichokuwa kinaugusa, ukingo ule ungegusa nini, kidole gumba kimemkwepa nani, na jibu linakuja kama jibu la hesabu, lenyewe, ni mdomo, ukingo ule ulikuwa unafika mdomoni, na kidole gumba kimelala ili kisiguse midomo yenye vidonda, na kimo hiki ni kimo cha kitanda... mkono huu haumpi mtu kitu ashike, unamlisha mtu aliyelala, na buni zimemenywa kwa kuwa yule aliyekuwa akilishwa hakuweza kumenya, ganda la akamwani lina ncha, lingemkwaruza ulimi, na Ildefons hakukusudia kunidharau wala kunifanya mzee, amesahau, mkono wake umesahau ni nani aliyekaa hapa, umekuja wenyewe kama ulivyozoea kuja... "Alizoea," anasema shangazi kule mkekani, sauti imebadilika, hacheki tena, "marehemu alipenda akamwani mpaka siku ile, kinywa kilikuwa kimeoza jamani, tafuna hawezi, akawa anaziweka tu shavuni, naye Ildefons..." na hamalizi, mmoja wa wanawake mlangoni anavuta kamasi, na shangazi anatazama mkeka, yeye aliyeacha jani mlangoni, na mimi sina hasira naye, hasira yangu yote niliipeleka kwa mtu mmoja, kwa sababu ndiye peke yake aliyenizidi.

Na wivu haujaondoka, niseme ukweli, upo, unauma mahali pale pale, nataka kiwe kiganja changu, nataka niwe mimi niliyejifunza kukilaza kidole gumba, jana kwenye meli niliwaza jambo ambalo mtu mwenye akili zake hawazi, niliwaza kwamba sijapima damu yangu, na kwamba kama ninao ugonjwa huu basi kuna kitu kimoja kati yangu na Joviana ambacho Ildefons hana, na nikatumaini, nilikaa pale kati ya magunia ya dagaa nikatumaini... na sasa nautazama mkono huu wenye vidole vitatu, haujachoka, au umechoka na hauonyeshi, Joviana aliufundisha kushika, na ukajifunza, halafu mkono wa Joviana ulipoacha kushika huu ukajifunza kutoa, usikikabe, kiegemeze tu, kitakaa, na nikiangalia vizuri nafasi iliyopo hapo, tupu, juu ya kiganja, kati ya ukingo na hewa, najua vipimo vyake, hata kama hakuna rula, pale palikuwa na shavu lake, kidevu chake kilichokonda, kichwa kilichoinuliwa kidogo kutoka kwenye mto, mkono wa Ildefons umeshika umbo lake la mwisho kama udongo ulivyoshika unyayo, mimi ninalo lile la mwanzo na nimeliacha ng'ambo ya bahari kwenye mashine, hili la mwisho liko hapa, halipo mahali pengine popote duniani, liko usawa wa goti langu na linanisubiri, na nikiomba kikapu, kama shangazi anavyotaka, Ildefons atauondoa mkono, ataona haya, ataufundisha upya usije hivi tena, kesho atakuwa anatoa kahawa usawa wa kifua kama watu wote, na umbo hilo litakuwa limefutika, na nitakuwa mimi niliyelifuta... redio inaendelea na matangazo ya vifo, mtu anataja Maruku, anataja Ijuganyondo, majina marefu, Ildefons hajasogea, shangazi hajainua macho, buni ziko pale pale, na kuna jambo ambalo nililijua mwaka wa kwanza kabla ya yote mengine, kwamba mkono wa mtu haufungi kwanza, mkono unaokwenda kushika hufunguka, hufunguka kuliko ukubwa wa kile unachokiendea, muda mrefu kabla haujakifikia, bila mwenyewe kuuamuru, na mikono yangu miwili, iliyolala mapajani tangu nilipokaa, nahisi sasa vidole vyake vinaachana, havijakwenda popote, vinaachana tu, na ninaanza kuinama, kichwa kwanza, kama nilivyoinama siku ile tuliponywana, nipewe kama alivyopewa Joviana...